Barua kwa mwanangu: mteja wako na Sabato yake

Mwanangu Salma,

Waniuliza ufanyeje na mteja wako wa ushauri nasaha huko Manchester, Myahudi wa Othodoksi aliyeachana na mkewe, ambaye upweke humzidi siku ya Sabato, na ndiyo siku asiyoshika simu. Wauliza kama umshauri alegeze dini kidogo. Hapana, mwanangu.

Huyu hakosi watu. Sala yao ya jamaa yataka wanaume kumi, na asipofika pengine wenzake humngoja. Anahesabiwa, lakini haulizwi hali. Kisha Ijumaa jua likitua, Sabato ikiingia, kila nyumba mezani pana mke na watoto, naye arudi chumbani kwake. Ukimtoa kwenye dini, umempokonya hata hao tisa.

Sheria yao, halakha, ina nafasi kuliko unavyodhani. Kuokoa uhai hutangulia Sabato, na marabi, wanazuoni wao, huhesabu humo hatari ya mtu kujidhuru. Katika saumu ya Yom Kippur, siku yao ya toba, mgonjwa akisema lazima ale na tabibu akakataa, Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi wa kale, yasema asikilizwe mgonjwa, kwa kuwa moyo ndio uujuao uchungu wake. Ruhusa ya mgonjwa kula sisi twaijua kwa Ramadhani. Hilo la kumshinda tabibu ndilo lililonifurahisha. (Madaktari niliofanya nao kazi wangenuna.)

Ila usimtolee fatwa wewe. Akiridhia, rabi wake ahusishwe. Akinyamaza ukimgusia mkewe wa zamani, usimwone mkaidi: kwao kumsema mtu vibaya ni haramu, ingawa marabi huruhusu panapo haja ya tiba. Na kwa kuwa wewe ni mwanamke, mwulize mapema kuhusu mlango. Huenda akataka usifungwe, asikae faragha na mwanamke.

Mkumbushe pia kisa cha Rabi Yohanan kilichomo katika Talmudi, yumkini akijua. Aliwainua wagonjwa kwa kuwapa mkono, lakini alipougua yeye ilibidi Rabi Hanina aje amwinue, maana mfungwa hajitoi gerezani mwenyewe. Mwulize mkono wa nani angeupokea.

Na wiki hii, kabla ya Ijumaa, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Akisema ndiyo, mjulishe msimamizi wako siku hiyohiyo, na rabi amwambie kwa kinywa chake kwamba hatari ikija, kupiga simu siku ya Sabato ni wajibu. Kisha mpange ale kwa nani usiku huo.

Wasalaam,
Mamako