Maswali ya Wasomaji: Karatasi Kwanza, Rangi Baadaye

SWALI: Shikamoo, fundi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kwa miaka mingi sasa ninaishi Columbus, Ohio. Mwaka jana nilinunua kwa mjane jirani yetu gari aina ya Pontiac GTO ya mwaka 1965, milango miwili, ambalo marehemu mumewe alilifungia bandani kwa zaidi ya miaka ishirini. Injini imekwama, sakafu ya buti imeoza na rangi imefifia, lakini hakuna kifaa kilichopotea. Gereji moja hapa imenishauri tulivunje gari lote hadi chasisi, tulipige rangi nyekundu inayong'aa, kisha tulipeleke mnadani. Nimetenga dola 40,000. Je, nitapata faida, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu kila kitu ndani yake kinategemea neno moja, nalo ni GTO. Kabla hujamlipa fundi yeyote, hakikisha kwamba gari hilo lilitoka kiwandani likiwa GTO.

Sababu ya tahadhari hii imo katika historia ya gari lenyewe. General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa na kanuni ya ndani iliyokataza magari yake ya ukubwa wa kati kufungwa injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, akiwemo John DeLorean aliyekuwa mhandisi mkuu wa kampuni hiyo, waliikwepa kanuni kwa kutoitangaza GTO kama modeli mpya: walichukua Tempest LeMans ya mwaka 1964, wakaifunga injini ya V8 ya inchi 389, na kuiandika GTO kuwa nyongeza ambayo mteja aliichagua na kuilipia. Magari 32,450 yaliuzwa mwaka huo, na mwaka 1965 yakafika 75,352. Kwa hila hiyo ulianza ushindani wa magari ya injini kubwa ambayo Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli, lakini hila hiyo hiyo imekuachia wewe kitendawili: kwa miaka ya 1964 na 1965, namba ya chasisi ya GTO ni namba ya LeMans. GTO ilipata namba zake, zinazoanza na 242, mwaka 1966.

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ya bawaba, maana siku hizo namba haikuwekwa mahali pa kuonekana kupitia kioo cha mbele. Ukikuta 237375P ikifuatwa na tarakimu sita, maana yake ni Pontiac, LeMans, milango miwili isiyo na nguzo ya katikati, mwaka 1965, kiwanda cha Pontiac, Michigan. Hakuna herufi yoyote itakayokuambia kama ni GTO. Nembo, grili nyeusi na boneti yenye tundu la hewa havithibitishi lolote, kwa kuwa vyote vinatengenezwa upya hadi leo na kuuzwa kwa yeyote mwenye pesa, na LeMans nyingi za kawaida zimevishwa nguo za GTO.

Uthibitisho unatoka sehemu moja. Chapa ya Pontiac ilifungwa, na magari yake ya mwisho ni ya mwaka 2010, lakini kumbukumbu zake za kiwandani zimehifadhiwa na taasisi iitwayo Pontiac Historic Services. Ukiwapelekea namba yako ya chasisi na ada yao, watakupa nakala ya ankara ya gari lilipotoka kiwandani, ikionyesha injini, giaboksi, rangi na kila nyongeza iliyolipiwa. Ukishaipata ankara, shuka kwenye injini yenyewe: upande wa abiria, mbele ya bloku na chini ya kichwa cha silinda, kuna herufi mbili zilizogongwa. Kwa GTO ya 1965, WT ni injini ya nguvu za farasi 335 yenye gia za mkono, YS ni hiyo hiyo yenye gia za otomatiki, WS ni ile ya farasi 360 yenye kabureta tatu na gia za mkono, na YR ni ya kabureta tatu na otomatiki. Ankara na injini vikisema neno moja, unayo mali. Visipopatana, bado una gari zuri la kuendesha, lakini mpango wa kulivunja hadi chasisi kwa ajili ya faida uufute leo.

Hata vikipatana, sikubaliani na ushauri wa gereji hiyo, na nitakueleza kwa hesabu. Kulivunja gari lote hadi chasisi, kulisafisha, kuchomelea mabati, kunyoosha, kupiga rangi na kulifunga tena ni kazi ambayo kwa kawaida hupita saa 1,000. Tuseme fundi anatoza dola 100 kwa saa, kiasi ambacho si kikubwa kwa Marekani ya leo. Hiyo ni dola 100,000 za ufundi peke yake, kabla hujanunua bati, kabla hujapeleka bampa kupakwa kromu, kabla hujagusa injini. Dola zako 40,000 zitakwisha gari likiwa vipande vipande kwenye maboksi, na gari la vipande huuzwa kwa bei ya chini kuliko lile la bandani lililo kamili. Wanaopata faida kwa njia hiyo ni wale wanaofanya kazi kwa mikono yao wenyewe bila kujilipa, au wale wenye gari la aina adimu sana.

Jambo la pili ni rangi. Kama hiyo iliyofifia ndiyo ya kiwandani, usiiguse mpaka mtu anayeyajua magari haya aione. Gari hupakwa rangi ya kiwandani mara moja tu katika maisha yake, na wanunuzi wa siku hizi wanazidi kuyathamini magari ambayo hayajaguswa. Niliwahi kukwangua rangi ya asili ya LeMans moja kwa sababu ilinionekania chakavu, na mwenye gari alikuja kugundua baadaye kwamba mnunuzi wa kwanza aliyelitaka alilitaka kwa ajili ya rangi ile. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Na ukilazimika kupaka, paka ile iliyoandikwa kwenye ankara. Nyekundu kwenye gari lililozaliwa buluu hulipunguzia thamani, hata kama inapendeza kwa picha.

Basi fanya hivi. Injini iliyokwama usiilazimishe kwa betri; toa plagi zote, mimina mafuta mepesi ya kupenyeza katika kila silinda, subiri siku kadhaa, kisha jaribu kuizungusha kwa mkono kwa spana ndefu kwenye boliti ya mbele ya krenkshafti. Ikikubali, mwaga petroli ya zamani, safisha tangi, badilisha mipira yote ya mafuta kwa ile inayostahimili petroli yenye ethanoli, na ufungue kabureta. Oili iwe yenye zinki ya kutosha, kwa kuwa kamshafti za namna hii hulika haraka kwa oili nyingi za kisasa. Injini hii ina mbano wa 10.75 kwa 1, hivyo inunulie petroli ya oktani ya juu kabisa unayoipata kituoni. Watu watakutisha pia kuhusu risasi, madini yaliyochanganywa zamani katika petroli na kuvikinga viti vya valvu visilike, ambayo ilipigwa marufuku katika petroli ya magari ya barabarani Marekani mwaka 1996. Kwa gari linalotembea maili chache kwa mwaka hilo si la haraka. Viti vya valvu vigumu utavifunga siku vichwa vya silinda vitakaposhushwa kwa sababu nyingine.

Breki ndizo zinazonitia hofu zaidi. GTO ya 1965 ilitoka na breki za ngoma magurudumu yote manne na masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) ya chumba kimoja, ambayo ikivuja mahali popote pedali inazama hadi sakafuni na hakuna gurudumu linaloshika. Masta silinda ya vyumba viwili ilikuja mwaka 1967, na inaweza kufungwa kwenye gari lako bila kukata wala kutoboa chochote. Ifunge, na ile ya zamani uiweke kwenye boksi ili mnunuzi akitaka aipate. Mpe mtu gari linalosimama.

Kutu uliyoiona kwenye buti mara nyingi huanzia juu. Maji huingia kwenye ukingo wa kioo cha nyuma chini ya urembo wa kromu, hutiririka ndani bila kuonekana na kutua kwenye sakafu ya buti na nyuma ya matairi. Ukichomelea sakafu bila kuziba ukingo huo, bati jipya litaoza kama la zamani. Pita na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye pande za chini za bodi; pale isiposhika, chini ya rangi kuna puti, si chuma. Kisha lala chini utazame chasisi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, maana huko Ohio chumvi ya barabarani wakati wa theluji haikuliacha gari hata moja. Bati la buti linauzwa tayari na fundi mzuri hulibadilisha kwa siku chache. Chasisi iliyooza ni habari nyingine kabisa, na ukiikuta, simama kwanza ufikiri upya.

Kuhusu mnada: ile mikubwa kama Barrett-Jackson ya Scottsdale, Arizona, na Mecum ya Kissimmee, Florida, hufanyika kila Januari na huvuta matajiri wengi, lakini kwa Barrett-Jackson magari mengi huuzwa bila bei ya chini iliyowekwa. Nyundo ikianguka, gari limekwenda kwa bei yoyote iliyofikiwa. Juu ya hapo kuna kamisheni, ada ya kuingia na gharama ya usafiri. Gari la namna yako, linalotembea, linalosimama na lenye karatasi zake, ningelipeleka kwanza kwa vyama vya wapenzi wa Pontiac au kwenye mnada wa mtandaoni, nikiambatanisha picha mia moja na zaidi, zikiwemo za chini ya gari na za kila kasoro, pamoja na video ya injini ikiwashwa ikiwa baridi. Hati ya umiliki, ile ambayo nyumbani Kenya tunaiita logbuku na Tanzania kadi ya gari, usiitie saini mapema: Ohio inataka saini ya muuzaji ithibitishwe mbele ya ofisa wa viapo. Na usimkabidhi mtu ufunguo mpaka benki yako yenyewe ikuthibitishie kwamba pesa zimeingia na haziwezi kurudishwa.

SWALI: Injini ya asili ya gari langu ilipotea zamani. Fundi mmoja amenunua bloku ya mwaka unaolingana na anasema anaweza kufuta herufi zake na kugonga zile zinazotakiwa, ili gari liuzwe kama lenye injini yake ya kuzaliwa. Wengi hufanya hivyo. Je, ni kosa?

JIBU: Ndiyo, ni kosa, na nakuomba usilifanye. Kugusa namba ya chasisi ni jinai chini ya sheria ya shirikisho la Marekani, na kugonga injini herufi za uongo ili kupata bei kubwa ni kumtapeli mnunuzi, ambaye anaweza kukufikisha mahakamani miaka kadhaa baada ya mauzo. Wataalamu hutambua haraka: uso wa bloku iliyokwanguliwa hupoteza mikwaruzo midogo iliyoachwa na mashine ya kiwandani, na herufi mpya hazikai kwa kina wala mpangilio ule. Ifunge bloku hiyo kama ilivyo, na uandike katika tangazo lako kwamba injini ni ya mwaka na aina sahihi lakini siyo ya kuzaliwa na gari. Bei itashuka, ndiyo. Wako wanunuzi wengi wanaotaka gari la kuendesha, nao hawana kinyongo na injini iliyobadilishwa maadamu wameambiwa kabla.

SWALI: Assalaam aleikum. Niko Muscat, na binamu yangu aliye Texas amenitafutia GTO ya 1967. Nichunge nini kabla ya kutuma pesa?

JIBU: Waaleikum salaam. Mwaka huo una sifa zake: injini ilikuzwa hadi inchi 400, breki za diski za mbele zilipatikana kama nyongeza, na kabureta tatu ziliondolewa baada ya 1966. Kwa hiyo ukionyeshwa ya 1967 yenye kabureta tatu, ujue ziliongezwa baadaye. Namba ya chasisi lazima ianze na 242. Usukani wa kushoto hautakupa taabu Oman, lakini ulizia masharti ya kusajili gari la umri huo kabla ya kulipa. Hati ya umiliki iwe haina deni la benki, na namba iliyomo ifanane tarakimu kwa tarakimu na ile iliyo kwenye nguzo ya mlango, kwa sababu forodha ya Marekani hutaka gari na hati vifikishwe kwake angalau saa 72 kabla ya kusafirishwa, na tarakimu moja ikikosewa kontena litabaki bandarini. Mwombe binamu yako aipige picha namba hiyo yeye mwenyewe, mlango ukiwa wazi na gari lote likionekana katika picha inayofuata, wala asikubali kutumiwa picha na muuzaji.