Konsoli Yako Haihitaji Intaneti, Ila Iachie Nafasi Yake

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji mmoja. Amechora bodi ya konsoli ya mkononi ya chanzo huria: skrini ndogo, vitufe sita, spika, betri ya lithiamu na chipu ya RP2040, ubongo wa konsoli. Faili zote ameziweka wazi, kila anayetaka atengeneze yake. Kisha akaniuliza: "Kaka, kila ninayemwonyesha ananiuliza waifai iko wapi. Wanasema konsoli isiyo na intaneti siku hizi ni ya kuchekesha. Niweke au niache?"

Niliandika "Acha" nikafuta. Si kwamba nimebadili mawazo. Swali hili nimelipigania mpaka nikapoteza rafiki, na jibu la neno moja lisingetosha hata kuniridhisha mimi mwenyewe. Kwa hiyo dada, samahani, utapata hadithi nzima.

Tulikuwa kikundi kidogo, watu tuliokutana kwa kupenda vitu hivihivi unavyovipenda wewe. Hatua za kuchora, kuagiza, kulehemu, kutafuta kwa nini skrini ni nyeupe tupu, naziruka. Ukifika hapo utazijua, na kama umeshafika hutaki kukumbushwa. Ikafika siku konsoli ikawaka. Gemu zinaingia kwa waya wa USB, sauti inatoka, vitufe vinabonyea vizuri. Kwa vitufe vile mpaka leo najisifu, maana niliviteua mwenyewe.

Hapo mwenzetu mmoja, ambaye kwa kuandika programu alinizidi mbali, akasema kazi ndiyo kwanza inaanza. Alitaka duka la gemu ndani ya konsoli, jedwali la alama za wachezaji wa dunia nzima, na masasisho yanayoingia yenyewe bila waya. Chipu yetu ilikuwa ESP32 ya kampuni ya Espressif, na hiyo redio ya waifai imo ndani tangu kiwandani. Hoja yake ilikuwa fupi: kitu tumeshakilipia, kwa nini tukilaze? Kampuni ya Hardkernel walikuwa wametoa konsoli ya mkononi ya ODROID-GO mwaka 2018 kwa chipu hiyohiyo, na watu wakaipenda. Nani angembishia? Mimi.

Siku alipoiwasha redio, kijiti cha kuongozea kikafa. Mhusika anakwenda kulia, waifai inaunganika, mhusika anasimama. Waifai inazimwa, anaendelea. Wenzangu walianza kukagua lehemu kwa lenzi. Mimi nilikuwa nimesoma datashiti, hati ya maelezo ya chipu: ESP32 ina vipimio viwili vya volteji, na cha pili, ADC2, kinatumiwa na redio, hivyo waifai ikiwa hai huwezi kukitegemea. Kijiti chetu kilikuwa kimeunganishwa na pini 25 na 26, zote za ADC2. Tukakihamishia kwenye pini za 32 hadi 39, kikapona. Sitajifanya kwamba sikufurahia kuwa mimi ndiye niliyejua.

Ikaja sauti. Ukivaa spika za masikioni na gemu ikiwa kimya, unasikia tk-tk-tk-tk, kama mara kumi kwa sekunde. Rauta nyingi hutuma tangazo lake la "nipo hapa" kila milisekunde 102.4. Konsoli inapojaribu kubana matumizi ya betri, huiwasha redio ili kulisikiliza tangazo hilo, inaizima, inaiwasha tena. Kila ikiwasha, umeme unayumba kidogo, na amplifaya ya bei nafuu inakuletea mayumbo hayo sikioni. Tuliongeza kapasita, tukatenganisha njia za umeme, mlio ukapungua. Kwisha kabisa haukuisha.

Betri nayo usiniulize. ESP32 ikifanya kazi bila redio hula kati ya miliamp 30 na 68 ikiwa kwenye kasi ya juu. Redio ikipokea, ni karibu 100. Ikirusha kwa nguvu zote, inafika 240. Miruko hiyo ya ghafla ndiyo inayoua: betri imebaki robo, redio inarusha, volteji inazama, chipu inajizima na kuwaka upya katikati ya gemu. Watengenezaji wa chipu wenyewe wanashauri chanzo cha umeme kinachoweza kutoa miliamp 500 au zaidi. Sasa fikiria kikonsoli chenye betri ndogo unayotaka iingie mfukoni.

Niliyasema haya yote kikundini. Nikaambiwa naogopa maendeleo. Mwenzangu akaandika, mbele ya watu wote, kwamba ninachokitaka mimi ni "kikokotoo chenye vitufe vizuri". Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka, kama ingesemwa juu ya mtu mwingine. Akaondoka na nusu ya kikundi, faili zetu akazichukua (ni haki yake, ndiyo maana ya leseni huria), akatengeneza toleo lenye duka na jedwali la alama. Lilipigiwa makofi sana. Kwa muda fulani niliacha hata kufungua ukurasa wake.

Halafu seva yake ikazimika. Hakuna aliyedukuliwa, hakuna aliyegombana. Kilichokosekana ni mtu wa kuilipia mwezi baada ya mwezi. Nina konsoli moja ya toleo lile. Ukiiwasha, menyu inakuja na neno "Inaunganisha…", kiduara kinazunguka, unasubiri mpaka ikate tamaa ndipo ikuonyeshe gemu zilizomo ndani yake yenyewe. Ile yangu, ya "kikokotoo", inawaka moja kwa moja. Nilimpigia simu kumpa pole, na pole ilikuwa ya kweli, ingawa si yote.

Ukidhani hilo huwapata wanagenzi tu, tazama wakubwa. Nintendo DS ilitoka mwaka 2004 ikiwa na waifai, na gemu zake mtandaoni zilijua ulinzi wa waifai wa aina moja tu, WEP. Ulinzi huo ulishavunjwa na rauta za kisasa zimeuacha, kwa hiyo DS iliyo nzima kabisa leo inakataliwa mlangoni. Huduma yenyewe ilifungwa Mei 2014. Ile ya 3DS ikafuata Aprili 2024. Sasa chukua Game Boy mbili za mwaka 1989 na waya wa kuziunganisha: chomeka, watu wawili wanacheza, mpaka kesho. Kampuni yenye fedha zile imeshindwa kuendesha seva milele. Wewe na mimi, dada, tutaiweza?

Nirudi kwenye bodi yako, maana RP2040 ni habari nyingine. Chipu hiyo haina redio. Kuipa waifai ni kuongeza chipu ya pili, kama walivyofanya Raspberry Pi kwenye bodi yao ya Pico W mwaka 2022, waliyoiwekea CYW43439 ya Infineon. Na chipu hiyo ya pili haiwaki mpaka uipakie faimuwea (programu ya ndani ya chipu) iliyofungwa, ambayo chanzo chake hukioni wala huruhusiwi kukirekebisha. ESP32 nayo ni vilevile: vifaa vyake vingi vya programu viko wazi, lakini maktaba za waifai zinakuja zimeshatafsiriwa kuwa lugha ya mashine. Umejitahidi mchoro wa bodi uwe huria, gemu ziwe huria, hata kasha la plastiki liwe huria, halafu unaweka katikati kisanduku kimoja cheusi, tena ndicho kinachozungumza na dunia ya nje. Kuna wasioumia na hilo. Mimi naumia.

Tena RP2040 imekupa kitu ambacho wengi wanakidharau. Shika kitufe cha BOOTSEL, chomeka waya, kompyuta inaiona konsoli kama flashi ya kawaida. Buruta faili ya gemu, ya aina ya UF2, iachie, gemu imeingia. Programu inayofanya kazi hiyo imechongwa ndani ya chipu yenyewe, huwezi kuifuta hata ukiharibu kila kitu kingine. Hakuna akaunti, hakuna nywila, wala hakuna cha kusanidi. Watu wanaokuambia intaneti ni lazima ili gemu ziingie, wape konsoli, wape waya, wajionee.

Na usidhani mashabiki hawaji bila mtandao. Arduboy, konsoli ndogo ya chanzo huria, ina skrini ya nukta 128 kwa 64, nyeupe na nyeusi, kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2.5 za RAM. Intaneti haina. Watu wameiandikia gemu nyingi ajabu, na zilipozidi, dawa haikuwa waifai: toleo la FX liliongezewa chipu ya kumbukumbu ya megabaiti 16 ili ubebe rundo zima mfukoni. Hilo ndilo jibu ninalolipenda mimi.

Sasa nisiwe mkaidi kupita kiasi. Kama kifaa kinaendesha mfumo kamili wa kompyuta kama Linux, hesabu inabadilika. Pandora ya mwaka 2010 ilikuwa na waifai, Bluetooth na kibodi, na ilistahili, kwa sababu ilikuwa kompyuta ya mfukoni inayocheza gemu. ODROID-GO Advance ilitoka mwaka 2020 bila waifai, watu wakalalamika, toleo jeusi likaja nayo. Miyoo Mini hivyohivyo, mpaka ilipofuata Mini Plus. Watu wanataka kusasisha mfumo, kuhamisha mahali walipofikia kwenye gemu kutoka kifaa kimoja hadi kingine, kuingiza faili bila kuchomoa kadi. Ni haja za kweli na sizikatai.

Ila hata huko kuna mitego isiyotangazwa. Konsoli ndogo isiyo na betri ya saa ikizimika husahau tarehe, na Linux isiyojua tarehe huamini ni Januari 1970. Ukijaribu kufungua tovuti salama, inakataa: cheti cha seva, kwa hesabu yake, bado hakijaanza kutumika. Mtu anailaumu waifai, anailaumu rauta, kumbe ni saa. Na mlango wa SSH (njia ya kuingia kwenye kifaa kutoka mbali) ukiachwa wazi na nywila ya root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, ni ileile kwa kila konsoli iliyotoka, basi umemwekea mtu mgeni kompyuta ndani ya nyumba yake.

Ukifika kwenye kuuza, redio inakuletea sheria. Marekani, kifaa kinachorusha mawimbi kwa makusudi kinahitaji kibali cha FCC, mamlaka yao ya mawasiliano. Ukitumia moduli iliyokwisha kupata kibali unapunguza mzigo, mradi ufuate masharti yake, hasa ya antena. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 1 Agosti 2025, vifaa vya redio vinavyofika kwenye intaneti vina masharti ya usalama wa mtandao pia. Konsoli ya waya na vitufe haimo kwenye kundi hilo. Jiulize kama uko tayari kuandika masasisho ya usalama kwa miaka kwa ajili ya jedwali la alama.

Mara nyingi ukimbana mtu anayedai intaneti, utagundua anachotaka ni kucheza na mwenzake. Hilo ni jambo jingine kabisa. Hali ya vitufe sita inaingia kwenye baiti moja na nafasi inabaki. Waya wa nyuzi tatu unatosha. Ukitaka bila waya, Espressif wana njia yao iitwayo ESP-NOW: vifaa viwili vinapeana pakiti ndogo moja kwa moja, bila rauta, bila seva, bila mtu wa kulipa bili. Game Boy Color ya mwaka 1998 ilitumia hata mwanga wa infraredi. Wape watu hicho, uone kama wataendelea kuuliza waifai iko wapi.

Kwa hiyo fanya hivi. Konsoli itoke bila redio. Weka soketi ya pini sita: umeme wa volti 3.3, ardhi, TX ya kutuma data, RX ya kupokea, pini ya kuwasha na kuzima moduli, na moja ya akiba. Anayetaka waifai atachomeka moduli ya ESP32 yenye faimuwea yake yenyewe. Ikizeeka anaichomoa, konsoli inabaki. Soketi ikae ukingo wa juu, katikati, kwa sababu pembeni ndiko vidole vinakoshika na mkono huziba mawimbi, na chini ya antena usipitishe shaba yoyote. Programu yako iandike kwa namna kwamba moduli isipokuwepo hakuna kinachosubiri chochote. Menyu ifunguke. Gemu ianze. Nimeshasema lakini narudia: hakuna kinachosubiri.

Wakikucheka, wacheke. Mimi walinicheka kikundini mbele ya watu niliowafundisha kulehemu. Mbuni anayejenga kwa kuogopa kuchekwa atapachika kila kitu alichokiona kwa jirani, na betri yake itakwisha kabla ya mchezaji kufika hatua ya pili. Jenga unachoweza kukitunza. Kama huwezi kuilipia seva mwaka wa tano, usiiahidi mwaka wa kwanza.

Faili ya bodi nitumie kabla hujaagiza. Nataka kuona njia ya umeme kuelekea kwenye soketi hiyo ina upana gani, na kama regyuleta (chipu ya kutuliza volteji) uliyochagua inafika miliamp 500. Kwenye picha uliyonitumia inaonekana kama ile ndogo ya 150, na kwa hiyo moduli yoyote utakayochomeka itakuzimia konsoli.