Guangzhou hadi Yiwu kwa treni: pasipoti ndiyo tiketi

Ujumbe wa msomaji: yuko China, nguo za Kariakoo ameshanunua mji wa Guangzhou, sasa anataka kwenda mji wa Yiwu kutafuta vyombo na urembo. Apande ndege au treni? Treni. Zile za mwendokasi, namba zake huanza na G, hutumia saa sita au saba hivi.

Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla, kwenye programu ya reli iitwayo 12306. Hupewi karatasi, safari inafungwa kwenye namba ya pasipoti. Ukichanganya herufi O na sifuri, au ukikatia pasipoti ya zamani, mlangoni hupiti. Ukikatiwa na wakala, mwambie muda kwa tarakimu, 08:10, maana "saa mbili asubuhi" ikipita kwenye programu ya kutafsiri huweza kutoka 2:00.

Angalia stesheni pia. Guangzhou ina kadhaa, na Guangzhou Nan (stesheni ya kusini) ipo mbali kule wilaya ya Panyu. Kama tiketi yako ni ya Nan na umefikia mtaa wa Xiaobei, panda metro (treni ya mjini) laini ya 5 kituo kimoja tu, shuka Guangzhou Huochezhan, badilisha laini ya 2 hadi mwisho, ndipo Nan. Toka hotelini ukiwa na muda wa saa mbili na nusu kabla ya treni: kuna foleni ya ukaguzi, na geti hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka. Geti la mashine likikataa pasipoti yako usibishane nalo, nenda pembeni kwa mhudumu. Ukiachwa, wahi dirishani siku hiyohiyo ubadilishiwe treni, kama nafasi ipo.

Mzigo ni kilo 20. Wengi hukwama kwenye sampuli: kisu cha jikoni hakipandi, na rangi ya kucha mwisho mililita 50. Vitu hivyo waulize kampuni ya vifurushi kama wanavipokea, na uwaambie kilichomo.

Ndani kuna maji ya moto ya bure. Beba tambi za kikombe, hasa kama huli nguruwe. Siti za dirishani ni A na F. Yiwu si mwisho wa reli, treni husimama dakika chache tu, kwa hiyo begi lishushwe mapema usogee mlangoni.

Mgeni lazima aandikishwe polisi pale anapolala. Ukilala hotelini, wao ndio wanaokuandikisha. Ukifikia kwa rafiki, jiandikishe mwenyewe ndani ya saa 24, na uende na mwenyeji wako.