Boti ya wasichana wanane: nguvu ipo, mwendo haupo
Kocha, nimekuelewa: wasichana wako wanafanya vizuri kwenye mashine ya mazoezi ya kupiga makasia, lakini majini boti inayumba na kubaki nyuma. Usiwaongezee mazoezi ya kuinua vyuma kwanza. Mara nyingi tatizo ni makasia kutoingia majini kwa pamoja. Wanne wapige makasia, wengine wanne walaze yao juu ya maji boti itulie; mapigo 18 hadi 20 kwa dakika, kisha wabadilishane. Tazama mikono kwa makini: anayeishusha mwishoni anapojikunja kwenda mbele, kasia lake huruka juu na kuchelewa kuingia. Huyo mmoja anatosha kuyumbisha wote. Pia sogeza vikanyagio, yaani sehemu za kuegemeza miguu, kulingana na urefu wa kila mmoja.

Msichana akiwa na maumivu ya mbavu yanayozidi akivuta pumzi, mpumzishe, aonwe na daktari. Hedhi ikikosekana miezi 3, vilevile. Huenda chakula hakilingani na mazoezi.