Maswali na Majibu: Mabomba Yaliyoziba katika Nyumba Yenye Tangi la Maji Taka

Sinki la jikoni linapitisha maji polepole mno, ingawa choo na bafu havina shida. Je, tangi limejaa?

Hapana. Tangi likishindwa kupokea maji, nyumba nzima huathirika, wala si sinki moja. Kizuizi chako kiko karibu, mara nyingi katika kona ya bomba iliyo chini ya sinki, ambamo mafuta huganda na kunasa mabaki ya chakula. Weka ndoo chini yake, ifungue kwa mkono na uisugue. Utakuta utando mweupe mnene kama nta. Ikiwa kona ni safi, pitisha waya wa kuzibulia katika bomba linaloingia ukutani.

Kila tunapovuta maji ya choo, maji machafu yanaibuka kwenye tundu la sakafu ya bafu. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kuacha kutumia maji nyumba nzima, kwa sababu kila mtakachomwaga kitatokea tena mahali palipo chini kuliko pote, yaani hapo bafuni. Kizuizi kiko katika bomba kuu au mbele yake, na chemba za nje, yaani vishimo vya ukaguzi vyenye mifuniko, ndizo zitakazowaonyesha ni wapi hasa.

Fungueni chemba iliyo karibu na nyumba, kisha ile inayofuata kuelekea kwenye tangi. Moja ikiwa imefurika na inayofuata haina maji, kizuizi kimo katika bomba linaloziunganisha, na fundi bomba mwenye fito za kuzibulia ataweza kukiondoa. Zote zikiwa zimefurika, ondoeni mfuniko wa ukaguzi wa tangi na mtazame usawa wa maji. Kwa kawaida maji ya tangi hukaa sawa na sehemu ya chini ya bomba la kutokea. Yakiwa hapo ilhali chemba zimejaa, kizuizi kipo kwenye bomba la kuingilia. Mara kadhaa nimekuta hapo utando wa mafuta na karatasi uliokauka hata kijiti kinausukuma wote kwa pamoja bila kuuvunja. Yakiwa yamepanda juu ya bomba la kutokea, tatizo liko mbele ya tangi: ama chujio la bomba hilo, kama lipo, limeziba, ama udongo wa shimo la kunyonya, yaani shimo ambamo maji yatokayo kwenye tangi hunywea ardhini, haupokei tena maji.

Nawasihi msiingize kichwa ndani ya tangi, msiwashe moto karibu nalo na msimruhusu mtu yeyote kushuka humo. Gesi ya hidrojeni salfaidi humwangusha mtu kwa pumzi chache tu, na anayemfuata ili kumwokoa huanguka papo hapo.

Je, naweza kumwaga kostiki soda?

Siishauri. Ikikuta bomba limeziba kabisa, hubaki imetuama humo, na fundi atakayelifungua kesho anaweza kuungua macho na mikono. Ikimwagwa kwa wingi au mara kwa mara, huua bakteria wanaovunjavunja uchafu ndani ya tangi. Kama umekwisha kuimwaga, usiongeze dawa nyingine yoyote juu yake, na umwambie fundi kabla hajagusa bomba.

Tulinyonya tangi mwezi uliopita, lakini nimefungua mfuniko na kukuta limejaa tena. Tumedanganywa?

Huenda hamkudanganywa. Tangi lisilo na hitilafu hujaa maji hadi kwenye bomba la kutokea siku chache tu baada ya kunyonywa, na ndivyo linavyopaswa kuwa. Kinachopimwa ni tope la chini na utando wa juu: tope likibakiza sentimita 30 kufikia mdomo wa chini wa kile kipande cha bomba la kutokea kinachoshuka ndani ya maji, au utando ukibakiza sentimita 15, wakati wa kunyonya umefika. Nyumba nyingi hufikia hapo baada ya miaka 3 hadi 5. Mkumbuke, hata hivyo, kama siku ya kunyonya maji yalikuwa yakirudi ndani ya tangi kupitia bomba la kutokea. Ikiwa ndivyo, shimo la kunyonya ndilo lililoelemewa, na kunyonya tangi mara kwa mara kutawapa nafuu ya siku chache tu.

Nitie hamira chooni ili kuongeza bakteria?

Hakuna haja, bakteria wa kutosha huingia pamoja na kinyesi. Utalisaidia tangi zaidi ukiweka pipa lenye mfuniko chooni kwa ajili ya taulo za kike, pamba na vitambaa vya kufutia, hata vile vilivyoandikwa kwamba vinaweza kutupwa chooni, kwa sababu havilainiki majini kama karatasi ya choo.