Kabla hujasema timu ifutwe: kwa mnaoanza kazi ofisi za bajeti za vyuo Marekani

Ndugu zangu, swali hili mtaulizwa mapema: kwa nini timu ya mpira wa Kimarekani ipewe mamilioni wakati paa za maabara zinavuja na wahadhiri hawajaongezwa mishahara? Ni swali la haki. Msilijibu kabla hamjajua kila dola imetoka wapi, na kama inahamishika.

Fedha iliyotolewa na mfadhili kwa ajili ya uwanja haiwezi kununua vitabu. Ada ya michezo ni habari nyingine. Hiyo inamtoka mwanafunzi, pengine kwa mkopo, na huenda hajawahi kuingia uwanjani. Vyuo vinavyojitosheleza kwa tiketi na televisheni ni vichache. Vingi vinategemea ada hiyo na ruzuku ya chuo, pamoja na kwenda kufungwa ugenini na timu kubwa kwa malipo yanayoweza kuzidi dola milioni 1. Mimi huanzia kwenye ada, maana anayeilipa hayupo kikaoni.

Kisha kaeni na fungu la ufadhili wa masomo, msilipite haraka. Kwa miaka mingi timu za daraja la juu ziliruhusiwa wachezaji 85 wenye ufadhili kamili. Idara ya michezo huandikiwa karo yao kwa bei kamili, na anayeipokea ni chuo kilekile. Madarasa yakiwa na nafasi, fedha imetoka mfuko wa kushoto ikaingia wa kulia. Mishahara ya makocha, safari na matibabu ndiyo yanayotoka nje kweli.

Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham kilitangaza kufuta timu Desemba 2014, kwa hoja ya gharama. Juni 2015 kikairudisha, baada ya wafadhili, wanafunzi na jiji kuahidi michango. 2017 ikacheza tena. Watu hao wangeitwa mezani mapema! Chuo Kikuu cha Chicago kilifuta yake 1939, na tangu ilipoanza tena kushindana na vyuo vingine mwaka 1969 imecheza bila kuwapa wachezaji ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Njia hiyo ndogo inawezekana, wekeni hesabu yake mezani pia.

Tangu Julai 2025 vyuo vilivyojiunga na makubaliano yaliyomaliza kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo kwa mwaka wa kwanza. Mkiletewa ombi la malipo hayo, daini maandishi yanayoonyesha fungu litakalopunguzwa, kabla ya sahihi.