Seva mbili na storeji moja, kura ya tatu iko wapi?

Kaka, umeuliza kama seva 2 za Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani VM) na NAS moja (storeji ya kwenye mtandao) zinatosha kuwa klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja. Zitawaka fresh tu, ila siku seva moja ikizimika hiyo nyingine inabaki na kura 1 kati ya 2, na klasta inataka zaidi ya nusu ya kura, kwa hiyo VM hazihamii popote, unabaki unaangalia. Tafuta kamashine kadogo, hata Raspberry Pi, uweke QDevice (programu ndogo ya kupiga kura tu) iwe kura ya tatu.

Halafu usije ukapitisha trafiki ya storeji na ya Corosync (programu inayozifanya seva zijuane kama ziko hai) kwenye waya mmoja, bakapu ikianza usiku waya unajaa, Corosync inachelewa, kila seva inadhani mwenzake kafa na kama umewasha HA (VM kuhamia zenyewe seva ikifa) zinajizima na kujiwasha zenyewe (mimi yalinikuta, nikalaumu umeme siku mbili nzima). Storeji ipe waya wake wa 10GbE (gigabiti 10 kwa sekunde), Corosync hata 1GbE inamtosha.

Na ukitumia iSCSI (NAS inazipa seva diski ghafi kupitia mtandao) usifomati LUN, yaani hiyo diski, kwa ext4 (mfumo wa faili wa seva moja tu) ukaimaunti seva zote mbili, data itaharibika, weka LVM (inaigawa diski vipande, kila VM na chake) au tumia NFS (NAS yenyewe inasimamia faili) yaishe. Ceph (storeji inayosambazwa kwenye diski za seva zenyewe) achana nayo mpaka ufikishe seva 3.

Hiyo NAS ina pawasaplai ngapi lakini? Maana ikifa yenyewe seva zote zimelala.